Kushuka Rufiji kwa mtumbwi: alfajiri kutoka Ndundu hadi Nyamisati

Jumatano, Ndundu

Mabasi ya Lindi na Mtwara huvuka Daraja la Mkapa kwa dakika moja hivi. Ni mita 970, abiria wengi wamelala, na Rufiji unabaki nyuma bila hata mtu kufungua pazia. Kabla ya 2003 hapakuwa na daraja. Palikuwa na kivuko hapa Ndundu, na msafiri alikaa na mto huu saa nyingi, apende asipende. Sisi wa zama za daraja tumepata haraka, mto tumeukosa.

Safari hii naanzia chini ya daraja. Nashuka na maji mpaka delta, nitokee Nyamisati, na kazi yangu ni moja: picha za alfajiri. Mchana sitaki kupiga kitu. Mchana Rufiji ni maji ya rangi ya chai ya maziwa chini ya jua kali, na picha yake unaweza kuipiga ukiwa darajani.

Mtumbwi niliokodi ni gogo moja la mwembe, umetiwa viraka vya bati na lami kwenye omo. Nahodha ni Mndengereko mtu mzima, ambaye mimi namwita Mjomba na yeye ananiita Mjomba, na hakuna aliyeona haja ya kuulizana zaidi. Mbele anakaa mpwa wake, kijana wa upondo, asiyeongea kabla ya chai.

Vifaa vyangu: kamera moja, lenzi pana, lenzi ndefu, betri za akiba, stendi ya miguu mitatu. Vyote isipokuwa stendi vimo ndani ya ndoo ya rangi ya lita ishirini yenye mfuniko wa kubana. Nimeshaona mabegi ya bei mbaya yanayosifiwa kuwa hayaingizi maji. Ndoo ya rangi haiingizi maji, inaelea, unaikalia, na hakuna mtu anayeitamani. Mjomba aliikagua, akagonga mfuniko kwa kidole, akasema hicho ndicho kitu cha kwanza cha maana alichokiona kutoka Dar.

Halafu akaniuliza kwa nini nimechagua siku hizi. Nikamwambia: mwezi mpevu ni Ijumaa. Akatikisa kichwa kukubali. Hapo tukawa tumeelewana bila maneno mengi, maana delta haipigwi picha kwa kalenda ya jua. Jua huku halina hiana: mwisho huu wa Agosti linachomoza saa kumi na mbili na nusu kasoro dakika chache, leo na kesho na keshokutwa. Kinachohama ni maji. Yanajaa na kupwa, na kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi kuliko jana. Anayetaka maji yaliyotulia yakutane na mwanga wa kwanza lazima ahesabu mwezi, na kwa hesabu yangu asubuhi hiyo ni Jumapili.

Alhamisi, mtoni

Tumelala ukingoni, chandarua kimefungwa kwenye makafi yaliyochomekwa mchangani. Saa kumi na moja nimeamka kwa baridi. Ndiyo, baridi, na ndiyo iliyonipa picha za leo. Maji ya mto bado yana joto la jana, hewa ya juu yake imepoa usiku kucha, na pale vinapokutana ukungu unainuka. Si ukungu wa mlimani unaoshuka ukafunika kila kitu. Huu unatambaa, kimo cha mtu aliyechutama, juu yake kuko wazi kabisa. Ukikaa ndani ya mtumbwi macho yako yanalingana nao. Ukisimama, haupo tena.

Kwa hiyo nimepiga nimekaa, viwiko juu ya magoti, kamera karibu iguse maji. Stendi ndani ya mtumbwi ni mzigo tu, kwa sababu inasimama imara juu ya kitu kisichosimama imara. Afadhali mikono, na shata, kasi ya kufunguka na kufunga kwa kamera, isiwe chini ya sehemu moja ya mia na ishirini na tano ya sekunde, halafu ISO, wepesi wa kamera kushika mwanga, nikaipandisha mpaka 1600 bila kuiomba radhi. Jambo jingine kwa wanaoanza: kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na ukungu unatoka na kijivu cha masizi. Ongeza stopu moja, yaani mwanga maradufu, ukungu urudi mweupe.

Lakini alfajiri ndiyo saa ya viboko. Usiku kucha wamekuwa nchi kavu wakila majani, na mwanga ukianza wanarudi majini, wakipita njia zao zile zile zilizochimbika ukingoni. Ukiwa kati ya kiboko na maji yake umekaa mahali pabaya kuliko pote. Mjomba hakunikubalia kukaribia ukingo wowote wenye njia ya namna hiyo, hata pale ambapo mianzi na ukungu vilikuwa vimepangana kama vimeambiwa. Kila baada ya makafi machache aligonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini, ko, ko, ko. Kiboko aliye chini akisikia anaibuka kutazama, na aliyeibuka unamkwepa. Yule usiyemwona ndiye anayepindua mitumbwi.

Wakaibuka watatu, mbali, upande wa kushoto. Masikio kwanza, kisha pumzi. Pumzi ile ikapasua ukungu ikaacha mashimo matatu meusi. Nilikuwa na lenzi ndefu tayari. Nadhani kuna moja nzuri.

Jua lilipotoka, mambo yakaisha upesi. Walimu wengi wa upigaji picha wa mtandaoni ni watu wa kaskazini ya dunia, nao husimulia mwanga wa dhahabu unaodumu mpaka mtu anywe kahawa abadilishe lenzi. Huku karibu na ikweta jua linapanda wima. Tangu uweze kuona omo ya mtumbwi mpaka jua litoke ni dakika ishirini na kitu, na nusu saa baadaye vivuli vimeshakuwa vigumu. Unachotaka kukifanya uwe umekiamua usiku.

Mchana tumeteremka taratibu kupita mashamba. Mpunga umeshavunwa, yamebaki mabua, na madungu yamesimama matupu juu ya miguu yao mirefu. Mkulima wa Rufiji hulala dunguni msimu mzima akilinda mpunga dhidi ya nguruwe na hao hao viboko. Pembeni mwa maji kuna mahindi machanga ya mlau, yaliyopandwa kwenye udongo uliolowa mto uliporudi nyuma. Tumeomba kulala kwenye dungu moja. Mwenyewe, mama mmoja wa makamo, alitukubalia kwa sharti kwamba tusimmalizie kuni.

Ijumaa, bado mtoni

Hakuna picha. Upepo wa kusi umeamka kabla yetu, mto umejikunja mikunjo midogo midogo, mawingu yamelala mashariki. Nilipanda juu ya dungu nikakaa na kamera pajani mpaka mwanga ukawa mweupe wa kawaida, nikashuka kunywa chai.

Mjomba ana lake la leo: adhuhuri imkute penye msikiti. Tumepiga makafi kwa nguvu, kijana kwa upondo penye maji mafupi, tukafika kijiji cha ukingoni saa sita kasoro. Nikawasubiri chini ya mwembe na ndoo yangu, nikilindwa na watoto walioamini ndani kuna rangi.

Baada ya swala wazee wakaketi, na mazungumzo yakaenda yanakokwenda siku hizi: bwawa. Mto huu unakusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, maana yake mvua ya Njombe, Iringa na hata Mbeya inapita hapa. Juu huko sasa limekaa Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Mzee mmoja alisema zamani ukiangalia maji unajua mwezi gani. Mwingine akamjibu kwamba maji ya siku hizi yana ofisi. Wakacheka, lakini si kwa furaha. Delta imejengwa na tope lililoteremka na mafuriko mwaka baada ya mwaka, na bwawa lolote hushika tope nyuma ya ukuta wake. Umeme nauhitaji na mimi, kamera hii inachajiwa kwa umeme. Ila sijui mpiga picha wa mandhari anawezaje kupita hapa akaandika habari za mwanga peke yake.

Jioni tumeona mti wa kwanza wa koko: msikundazi, mizizi yake mipana imesimama wima juu ya udongo. Mjomba alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. Bado matamu. Lakini kijiti alichokichomeka ukingoni tulipofika kilikuwa kimezama nusu tulipomaliza kula, na maji ya mto hayapandi jioni moja bila mvua. Bahari ilikuwa imetufikia kwa chini, ikiusukuma mto nyuma.

Jumamosi, ndani ya mikoko

Mwezi ulikuwa bado juu magharibi tulipoondoka, mpevu wa jana, mkubwa na mwekundu kidogo kwa vumbi. Tuliingia kwenye mkondo mwembamba kwa mwanga wake. Kuta mbili za mkoko, na katikati njia ya maji meusi.

Delta hii ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko Afrika Mashariki, zaidi ya hekta elfu hamsini, na tangu 2004 imo katika eneo la Ramsar, ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, la Rufiji–Mafia–Kilwa. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo jana kabla ya kuingia tulijiandikisha kijijini na kueleza shughuli yetu. Mtendaji aliuliza mara mbili: mmekuja kupiga picha miti?

Miti, ndiyo. Shida ya kupiga picha mikoko ni kwamba haina sehemu ya kushika jicho. Kijani, kijani, kijani. Wajerumani mwaka 1914 walilijua hilo. Meli yao ya vita, Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar mwezi Septemba, ilikuja kujificha kwenye mikondo hii, na Waingereza wakalazimika kuleta ndege kuitafuta. Tarehe 6 Julai 1915 meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia alfajiri, zikapigana, zikarudi bila kuimaliza. Zilirudi tarehe 11, na safari hiyo zikaimaliza. Wajerumani waliivua mizinga yake wakazunguka nayo nchi nzima vitani, na mmoja kati ya hiyo umewekwa Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Miezi tisa na zaidi meli ya urefu wa mita mia na kitu ilikaa humu. Mimi nasaka picha ya mti mmoja usiojichanganya na wenzake.

Nilichokipata leo ni nusu. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yalijaa kama saa kumi na moja na dakika arobaini, na mwanga ulipokuja yalikuwa yameshageuka. Mwanzo yanarudi polepole, unadhani yametulia. Tazama jani moja linaloelea, utaona linakwenda. Taswira ya miti ilikuwepo majini lakini ilikuwa inavutwa, inanyooka, kila shina lina mkia. Katika picha inaonekana kama kosa la fokasi.

Mjomba alikuwa ametazama mambo mengine. Alitaka tutoke kwenye mkondo ule kabla haujapwa, na tulichelewa kwa sababu kijana aliona kaa. Hapa kaa koko ni fedha. Kwa mti uliopinda kwa ncha, mkono mpaka begani ndani ya shimo, akatoka na kaa wawili wenye magando ya kutisha, akawafunga kwa ukindu. Tulipogeuza omo, mbele palikuwa na tope linalong'aa.

Tukapwelewa. Hakuna la kufanya mtu akipwelewa ila kungoja. Maji ya bamvua huku hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo ulipoelea asubuhi, saa nne unatazama juu. Mtumbwi umelala ubavu, nasi tumekaa juu ya mizizi ya mkoko tukipigana na mbu wa mchana, ambao nilidhani hawapo.

Ni hapo nilipouona msitu vizuri. Mtu akipita na maji yamejaa anaona majani tu. Yakipwa, unakuja uwanja mwingine: mizizi ya mkoko imepinda juu kama mbavu, mashimo ya kaa kila shibiri, visamaki vya matopeni vinavyotembea kwa mapezi na kurukiana kwa hasira. Karibu nasi palikuwa na mmoja, mkubwa kama kidole gumba, macho juu ya kichwa. Alikuwa anachota maji ya kidimbwi chake kwa mdomo, anatoka, anatazama, anarudi. Kila akirudi alikuta kaa mdogo mwenye gando moja jekundu ameingia, na kila mara alimfukuza. Mchezo huu nimeutazama nusu saa nzima. Sikuupiga picha. Jua lilikuwa utosini, na nilishasema mchana sipigi.

Mjomba akitafuna muhogo alinionyesha miti. Huo mkoko. Ule mkandaa, gome lake lilikuwa likitiwa rangi ngozi na nyavu. Yule wenye tunda la mviringo mkubwa ni mkomafi, mbao yake ngumu. Msinzi ule. Kule nyuma penye ardhi ya juu, mchu. Babu yake alikata boriti hapa, zikapakiwa majahazi ya Waarabu yakaondoka na kusi kwenda Uarabuni, na majumba ya udongo na mawe huko Oman na Ghuba yakaezekwa kwa miti ya humu. Upana wa vyumba vya nyumba za kale za Waswahili na Waarabu, akasema, ni urefu wa boriti. Hilo hata mimi nalijua kutoka Zanzibar: vyumba virefu, vyembamba.

Saa nane maji yakarudi yakatuinua.

Jumapili, mkondo mpana

Jana jioni tulitafuta mahali. Nilichotaka ni mkondo unaoelekea mashariki, mpana wa kutosha mbingu iingie, na wenye mti mmoja uliojitenga. Mjomba alitaka mkondo wenye maji hata yakipwa. Tulikubaliana kwenye kona moja ambako mlilana mkubwa umesimama mbele ya wenzake, shina ndani ya maji, matawi yamefunguka upande mmoja. Ng'ambo yake msitu uko chini na mbali. Tukalala kwenye dago la wavuvi wa kamba, kibanda cha makuti juu ya kichuguu cha mchanga, na wenyewe walitupa wali na kamba wabichi wa nazi. Ukitaka bei ya chakula hicho Dar es Salaam, kaa kwanza.

Sasa hesabu. Baharini maji yangejaa leo kama saa kumi na moja na nusu. Lakini wimbi la kujaa linahitaji muda kupanda mikondo hii, na hapa tulipo, Mjomba alikisia, linachelewa karibu saa nzima. Saa kumi na mbili na dakika ishirini, basi. Jua: kumi na mbili na dakika ishirini na nane. Nani angetaka zaidi?

Na upepo. Kusi hupiga mchana, jua likishapasha nchi. Usiku nchi inapoa, na kabla ya mapambazuko kinachobaki ni umande, ule upepo mwembamba wa kutoka bara, ambao hata majani ya mlilana hauwezi kuyageuza. Ukikatika na huo, maji yanakuwa kioo.

Saa kumi na moja nilikuwa nimeshuka kwenye tope nje ya mtumbwi. Stendi leo ina kazi, maana nataka shata ndefu, lakini miguu ya stendi kwenye tope la Rufiji inazama mpaka magotini. Dawa yake nimekuja nayo: vifuu vitatu vya nazi. Unakigeuza kifuu, mdomo juu, unakikandamiza kwenye tope, na mguu wa stendi unakaa ndani yake. Tope linabeba kifuu, kifuu kinabeba stendi. Kijana alitazama akasema neno lake la kwanza kabla ya chai: "Sawa."

Filta ya kukata mng'ao sikuja nayo kabisa. Watu wanaifunga kwenye lenzi kila wanapoona maji, kisha wanashangaa taswira imekwenda wapi. Hiyo ndiyo kazi yake, kuifuta taswira. Nilikuwa na filta ya kutia kivuli nusu ya juu, na hiyo nayo niliitumia kwa uchoyo: taswira iliyomo majini siku zote ina giza kidogo kuliko mbingu yenyewe, na ukiisawazisha kupita kiasi, au chini ikang'aa kuliko juu, jicho la mtazamaji linakataa hata kama hajui kwa nini.

Kwanza ilikuja buluu nzito. Mwezi nyuma yangu ulikuwa unanipa mwanga wa kuona namba za kamera. Maji bado yalikuwa yanapanda. Nilitupa jani la mkoko, likapita kulia, kuelekea bara. Sekunde nane, ISO 200. Taswira laini, haina umbo. Nikangoja. Kumi na mbili na dakika tano: mstari wa rangi ya ganda la muwa upande wa mashariki. Jani jingine, likaenda, lakini kivivu. Sululu mmoja akapita akilia, na wa pili akamjibu mbali sana. Yangeyange wakaanza kutoka malaloni kwao, wawili, watano, kundi.

Kumi na mbili na robo nilitupa jani, likakaa.

Sikuamini, nikatupa la pili. Likakaa kando ya la kwanza. Mjomba ndani ya mtumbwi aliinua kafi akaliweka pajani, na matone kutoka kwenye kafi yalisikika moja moja. Mbele yangu kulikuwa na mililana miwili, mmoja umesimama, mmoja umening'inia chini yake kwa shina lile lile, na ilikuwa vigumu kusema maji yanaanzia wapi. Tawi lililokuwa limeinama lilikuwa linagusana na ncha yake yenyewe. Mbingu juu ya zambarau, chini zambarau iliyoiva zaidi.

Nilipiga wima, nikapiga ulalo. Nilipiga upeo ukiwa katikati kabisa ya picha, jambo ambalo kila kitabu cha mwanafunzi kinalikataza, na leo ndilo lililokuwa sahihi. Nikapunguza shata mpaka nusu sekunde, kisha robo, ili kila jani lisimame. Jua lilipotoa ukingo wake likaja moja kwa moja kwenye uwazi wa matawi. Kima wakaanza kurukaruka kwenye miti ya nyuma, tawi moja likadondosha maji, na duara moja likaanza kupanuka kutoka upande wa kushoto. Nikapiga na duara hilo. Katika zote nadhani ndiyo itakayobaki, kwa kuwa bila hilo duara picha ni safi mno, mtu anaweza kudhani imegeuzwa na kompyuta.

Robo saa, labda kidogo zaidi. Kisha jani langu la kwanza likaanza kuondoka kuelekea baharini, la pili likalifuata, na umande ukapiga. Kioo kikavunjika chote mara moja.

Wavuvi wa dago walirudi na nyavu zao tukinywa chai. Niliwaomba ruhusa kuwapiga picha. Mmoja alikataa, nikamwacha. Wengine walitaka waonekane na kamba, si na mlilana.

Jumatatu, kuelekea Nyamisati

Leo ndani ya mikondo maji yangejaa kama saa moja asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Mjomba akasema tusogee chini, karibu na bahari, kwa kuwa huko yanajaa mapema. Kwa kusogea unarudisha dakika ulizopoteza. Ni hesabu ambayo sijawahi kuiona kwenye programu yoyote ya simu, na yeye hutumia vidole vitatu na mwezi.

Yalitulia tena kwenye mwanga, ndiyo, lakini karibu na bahari hakuna utulivu wa kweli: mawimbi madogo ya nje yanaingia yakipumua chini ya maji, juu hayaonekani ila taswira inayumba. Nimepiga kidogo mililana ya mbele kabisa, ile inayokaa na bahari uso kwa uso, na mizizi yake ya kupumulia iliyochomoza wima pande zote. Saa mbili kusi likaingia kazini, nasi tukalipa jasho mpaka Nyamisati.

Gatini pamejaa. Watu wa Mafia wanasubiri chombo, na chombo kinasubiri maji. Magunia, magodoro, kuku, pikipiki moja iliyofungwa kamba. Tumekula chapati tukiwa tumesimama.

Mjomba alitaka kuona picha. Nikamwonyesha ile ya Jumapili. Aliitazama, akaigeuza kamera juu chini, akaitazama tena, akaniuliza upi ndio mti. Akapitisha nyingine, akapita viboko, akapita ukungu wa Alhamisi ninaoupenda, bila neno. Akasimama kwenye moja ambayo kijana aliipiga kwa simu yangu Jumamosi saa sita mchana, jua kali, tope tupu, mtumbwi umelala ubavu na tako lake lote liko wazi. Akaikuza kwa vidole mpaka ikaonekana ufa mrefu chini ya kiraka cha bati, mahali ambapo hajawahi kupaona tangu aununue.

"Hii nitumie," akasema. "Fundi wa lami akiiona hatanidanganya bei."

Nilimtumia kwa WhatsApp ya mpwa wake kabla gari la Kibiti halijaondoka.